Masika na umeme kukatika: mwongozo kamili wa kuiandaa nyumba kabla Machi haijaingia

Kila masika mtaani kwetu Tabata mambo ni yale yale. Mvua inapiga usiku kucha, saa nane umeme unakatika, na kukicha majirani wanapishana mlangoni. Mmoja anaomba ndoo ya maji. Mwingine anaomba kuchaji simu kwenye gari. Wa tatu ana pesa kwenye simu, gesi imemwishia, na mtandao haushiki.

Si kwamba hawakujiandaa. Mishumaa walinunua, mtaro wa mbele walizibua. Kosa lao ni kujiandaa kwa mvua kivyake na kwa giza kivyake, kana kwamba ni wageni wawili wanaokuja siku tofauti. Huku kwetu wanakuja pamoja. Umeme ukikatika pampu inasimama, kwa hiyo maji ya bomba yanafuata. Minara ya simu nayo ikikaa muda mrefu bila umeme inazimika, kwa hiyo pesa ya kwenye simu haitoki. Na barabara ikijaa maji, hata pesa taslimu haikusaidii kama duka liko ng'ambo.

Mwongozo huu ni wa nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam na miji ya pwani: paa la bati, mita ya LUKU, jiko la gesi, familia ya watu watano hivi. Masika ni Machi hadi Mei, basi kazi ianze Februari, wakati jua bado linawaka na fundi bado anapatikana. Unayeishi ghorofani ruka hatua ya 2 na ya 3, lakini ya maji usiiruke, maana pampu ya jengo ikisimama wewe ndiye wa kwanza kukauka.

## Vitu vya kuwa navyo

Paa na uwanja: ngazi, nyundo, misumari ya bati yenye mpira, silikoni, turubai moja kubwa, kamba ya manila, koleo, viroba vitupu 20 vya salfeti na mchanga wa kuvijaza.

Umeme na mwanga: friji gadi na TV gadi (vifaa vya kulinda friji na TV umeme unapoyumba), tochi mbili, taa ya sola moja au mbili, pawabenki, betri za akiba, redio ndogo ya betri.

Maji na jikoni: jaba la lita 200 lenye mfuniko, madumu ya lita 20, dawa ya kutibu maji, mtungi wa gesi wa akiba hata wa kilo 6, viberiti ndani ya kopo linalofunga vizuri, na chakula kikavu cha siku tatu.

Begi la kuondokea: vyeti, hati, kitambulisho cha NIDA, kadi ya bima, dawa za kila siku, pesa taslimu za noti ndogo ndogo, nguo moja moja ya kila mtu.

Kama mfuko hauruhusu vyote, anza na maji, kisha tochi, kisha friji gadi. Inveta na jenereta ni vya mwisho, ingawa ndivyo watu huvikimbilia kwanza kwa sababu vinaonekana.

## Hatua ya 1: Zima meni swichi wewe mwenyewe

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, na ndiyo iliyonifundisha kuliko zote.

Chagua Jumamosi moja ya Februari. Saa kumi na mbili jioni zima meni swichi, funga bomba la DAWASA, na uishi hivyo mpaka Jumapili saa kumi na mbili jioni. Data kwenye simu zima pia. Weka daftari mezani, na kila mtu anaponyoosha mkono kutafuta kitu kisichopo, aandike.

Sababu ni kwamba mahitaji ya nyumba yako huyajui kwa kuyafikiria. Sisi tulidhani tatizo letu litakuwa taa. Saa mbili usiku tukagundua choo cha ndani kinakula ndoo nzima kila kinapoflashiwa. Asubuhi tukagundua kiberiti kimoja tulichonacho kimelowa, na jiko letu huwashwa kwa cheche ya umeme. Taa haikutusumbua hata kidogo.

Angalizo: fanya hivi siku ambayo friji haina nyama nyingi. Na kama ndani kuna mgonjwa anayetumia mashine ya oksijeni au dawa ya kutunzwa baridi, usijaribu kabla hujampangia yeye.

Ukimaliza na daftari lina mistari kumi au zaidi, zoezi limefaulu. Ukurasa ukiwa mtupu, kuna mtu aliwasha data.

## Hatua ya 2: Panda juu ya paa

Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 80 likipigwa milimita 50 linamwaga lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20. Hizo zote zinatafuta pa kupita, na kama gata imeziba zitapita darini.

1. Panda asubuhi, bati likiwa kavu na halijachemka. Kanyaga palipo na misumari, kwa kuwa chini yake kuna papi, yaani mbao zinazobeba bati. Ukikanyaga katikati bati linabonyea na kufungua tundu jipya.
2. Kagua misumari. Iliyoinuka usiipige tu irudi, kwa sababu tundu lake limeshapanuka. Ing'oe, weka mpya yenye mpira pembeni kidogo, ziba tundu la zamani kwa silikoni.
3. Kagua kofia ya paa na kingo za bati kuelekea upande wa bahari. Upepo huanza kung'oa paa kwenye kingo, na ukishapata pa kushika, bati zima huenda.
4. Toa majani yote kwenye gata, kisha mwaga ndoo ya maji upande mmoja utazame yanavyotoka upande wa pili.
5. Ingia darini mchana na uzime tochi. Kila unapoona mwanga, maji yatapaona pia.

Matawi ya mwembe au mkungu yanayoning'inia juu ya paa yakatwe sasa. Yanayogusa nyaya za nje usiyaguse. Toa taarifa TANESCO kwa namba 180 waje wao. Tawi bichi linapitisha umeme, na panga la chuma ndiyo kabisa.

Kipimo cha kazi hii ni ile ndoo ya kwenye gata: maji yatoke upande wa pili bila kumwagikia ukutani.

## Hatua ya 3: Mtaro, viroba, na tundu la bafuni

Zibua mtaro wako, kisha tembea nao mpaka unapoingia kwenye mtaro mkubwa. Mtaro wako safi unaoishia kwenye takataka za jirani ni bwawa tu lililochelewa. Hapa hakuna ujanja isipokuwa kuongea naye. Nenda na koleo lako na usaidie, maneno matupu ya Februari hayamwamshi mtu. Taka mlizotoa zisiachwe ukingoni, mvua ya kwanza itazirudisha humo humo.

Viroba vya mchanga watu wengi huvijaza mpaka pomoni. Kiroba kilichojaa ni kama jiwe la mviringo, maji yanapita pembeni. Jaza nusu au theluthi mbili, kunja mdomo, ulaze mdomo huo chini ya kiroba chenyewe. Panga kama matofali, cha juu kikae kwenye kiungo cha viwili vya chini, na kila safu ikanyage kwa mguu ikae sawa. Tandika nailoni upande wa maji yanakotokea. Safu mbili au tatu mlangoni zinatosha kwa maji ya kupita. Maji ya kukaa hayazuiliwi na kiroba, hayo unayakimbia.

Sasa jambo ambalo nimeona likiwashangaza hata wazee wa bonde: maji hayaingii kwa mlango tu. Chemba ikijaa, yanapanda kupitia tundu la bafuni na choo cha ndani, na hayo ndiyo machafu kuliko yote. Tenga viroba viwili kwa ajili hiyo. Kimoja unakilaza juu ya tundu la bafuni, kingine kwenye bakuli la choo, chini yake ukitanguliza nailoni nene.

Na kama shimo lako limekaribia kujaa, ita gari la kunyonya Februari. Tunajua kinachofanyika mitaani: watu wanasubiri mvua kubwa ndipo watapishe vyoo, uchafu uende na maji. Unaenda kwenye kisima cha mtu. Unaenda kwenye uwanja ambao watoto wako watacheza keshokutwa. Kipindupindu mjini hapa kinafuata njia hiyo hiyo, na kutapisha choo ni kosa kisheria.

## Hatua ya 4: Ukaguzi wa umeme wa ndani

Mwite fundi mwenye leseni, na umwombe mambo manne: akaze nyaya kwenye sakiti breka, apime ethi (waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja), akague soketi za nje na za ukuta unaolowa, na ajaribu ile swichi inayokata umeme unapovuja. Hiyo ya mwisho ina kitufe chenye herufi T. Unaweza kukibonyeza mwenyewe kila mwezi. Ikikata papo hapo, ni nzima. Isipokata, haitakuokoa siku utakaposhika pasi umekanyaga maji.

Kisha inua kila ekstensheni iliyolala sakafuni, ifungwe ukutani usawa wa kiuno. Friji iweke juu ya matofali. Maji ya sentimita kumi tu yanatosha kuua friji iliyokaa sakafuni, na yanatosha kukuua wewe unayekwenda kuichomoa.

Friji gadi nayo ina sababu yake. Umeme mara nyingi haurudi mara moja, unarudi, unakata, unarudi, wakati mwingine na nguvu isiyo yake. Kompresa ya friji ikisimama inahitaji dakika chache kabla ya kuwashwa tena. Ikilazimishwa mapema inaungua. Mimi nilijifunza kwa kununua kompresa mpya, usiku mmoja wa Aprili umeme uliporudi mara tatu ndani ya dakika mbili. Friji gadi inahesabu dakika zake ndipo iruhusu umeme upite. Ichomeke ukutani moja kwa moja, sio kwenye ekstensheni ya soketi sita iliyobeba nyumba nzima.

## Hatua ya 5: Mwanga na chaji, kwa hesabu

Mishumaa sipendi. Koroboi sipendi zaidi. Nyumba yenye watoto, chandarua na upepo wa masika haitaki moto ulio wazi usiku. Taa ya sola iliyoanikwa mchana inafanya kazi ile ile bila mtu kuilinda. Ila masika lina siku tatu mfululizo zisizo na jua la maana, kwa hiyo ziwe zinazochajika kwa waya pia, na zichajiwe umeme ukiwapo.

Pawabenki iliyoandikwa 10,000 haitoi 10,000. Sehemu inapotea njiani, hesabu kama theluthi mbili. Simu yenye betri ya 5,000 itajaa mara moja na kubaki kidogo. Nyumba yenye simu nne inahitaji pawabenki tatu za namna hiyo kwa siku moja, au kukubaliana kwamba simu moja ndiyo inabaki hewani na nyingine zinazimwa. Sisi tulichagua la pili, na watoto walinuna.

Kwa wenye inveta: betri ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ile ya kawaida ya asidi ukiitumia zaidi ya nusu kila mara inakufa mapema. Basi una 600. Feni moja ya wati 50, taa nne za wati 10, ruta ya wati 10 na televisheni ya wati 60 ni wati 160. Ukitoa kinacholiwa na inveta yenyewe, una saa tatu na kidogo. Zima televisheni, utapata saa tano. Muuzaji anayekuambia betri moja itabeba friji mpaka asubuhi, mwombe aiandike hesabu hiyo kwenye karatasi mbele yako.

Jenereta ikae nje, angalau mita sita kutoka dirishani, moshi ukielekea kusikokuwa na watu. Barazani ni ndani. Gereji ni ndani. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na mtu aliyelala haamki kukohoa. Jiko la mkaa ni vivyo hivyo: usiliingize chumbani kwa sababu nje kunanyesha.

Kamwe usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme huo unatoka kupitia mita, unafika kwenye transfoma na kupanda nguvu, na fundi wa TANESCO aliyeko juu ya nguzo akiamini laini imezimwa anakufa. Weka swichi inayoitenga nyumba na laini ya TANESCO, ambayo mafundi huiita chenjiova, au tumia ekstensheni kutoka jenereta mpaka kwenye kifaa chenyewe.

## Hatua ya 6: Maji ya siku tatu

Hesabu lita 20 kwa mtu kwa siku, kunywa, kupika na kuoga kwa ndoo ndogo. Watu watano kwa siku tatu ni lita 300: jaba moja na madumu matano. Choo cha kuflashi kina hesabu yake. Kwa hicho kinga maji ya gata, usimwage ya kunywa humo.

Jaba lifunikwe barabara. Mbu wa dengue anataga kwenye maji safi yaliyotulia, sio kwenye mtaro wenye tope, na wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau 2019. Yasipotumika, maji yabadilishe kila wiki, yale ya zamani yafulie.

Kisima cha mtaa kikifunikwa na mafuriko, usinywe maji yake yakiwa mabichi hata kama yanaonekana meupe. Yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kisha yachemshe mpaka yabubujike dakika moja kamili. Ukitumia dawa ya kutibu maji, fuata kipimo cha kwenye pakiti na usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Kuchuja kwanza ni lazima, kwa kuwa dawa huishia kupigana na tope na vijidudu vikabaki.

Mtu wa mwisho kuoga siku ya tatu akikuta maji ya kutosha, hesabu yako ni sahihi.

## Hatua ya 7: Jiko na friji

Mtungi wa akiba uwe umejaa na umejaribiwa. Funga regulata, pakaza povu la sabuni kwenye kiungo na kwenye mpira, fungua gesi. Povu likitoa mapovu, inavuja. Pima kwa sabuni, usipime kwa kiberiti kama nilivyoona mtu mzima akifanya.

Chakula kiwe kile mnachokula siku zote: unga, mchele, dagaa, karanga, mafuta, chumvi, majani ya chai. Maharage yanakula gesi, kwa hiyo yachemshe mapema tahadhari ikitoka, au loweka usiku kucha. Biskuti za watoto ziwekwe mahali wasipopajua.

Friji isipofunguliwa hukaa na baridi kwa saa nne hivi. Friza iliyojaa hufika saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Nafasi tupu ijaze chupa za maji zigande, zitashika baridi na baadaye ni maji ya kunywa.

Ili ujue kama chakula kiliyeyuka na kuganda tena ukiwa haupo, gandisha kikombe cha maji na uweke sarafu juu ya barafu. Ukirudi, sarafu ikiwa juu, sawa. Ikiwa imezama katikati, barafu iliyeyuka kiasi, chagua kwa uangalifu. Ikiwa chini kabisa, samaki na nyama tupa, wala usinuse kujiridhisha, maana vinavyoumiza tumbo havinuki vyote.

## Hatua ya 8: LUKU, pesa, dawa na karatasi

Nunua umeme mapema, mwanzo wa mwezi, usisubiri mita ianze kulia. Kila masika kuna anayekaa gizani siku nzima akilaumu mvua, kumbe uniti ziliisha usiku na mtandao wa kununulia uko chini. Tarakimu 20 za token ziandike karatasini mara tu ujumbe unapoingia, kwa kuwa simu inaweza kuzimika kabla hujaziingiza. Rimoti ya mita itie betri mpya.

Toa pesa taslimu za kutosha siku tatu, noti za elfu moja na elfu mbili. Mwenye bodaboda hana chenji ya elfu kumi siku ya mafuriko.

Dawa za presha na kisukari ziwe na akiba ya wiki mbili. Kwa anayetumia insulini, mwulize mfamasia wako mapema inakaa siku ngapi nje ya friji. Mtungi wa udongo wenye maji, uliowekwa kivulini penye upepo, unapoza kuliko chumba, na bibi zetu hawakuhitaji soketi. Kichupa kiwe ndani ya mfuko uliofungwa, kisiguse maji.

Vyeti na hati vipige picha, kisha vifunge kwenye nailoni mbili na kuingia kwenye begi. Begi likae juu ya kabati, na kila mtu mzima ndani ya nyumba alijue.

## Hatua ya 9: TMA ikitoa taarifa

TMA hutumia rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Watu husubiri nyekundu. Usisubiri. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Mafia, taarifa zilitoka siku kadhaa kabla, na waliozitumia siku hizo hawakupigana vikumbo dukani.

Ikitoka ya njano: jaza madumu, chaji kila kinachochajika, weka friza kwenye baridi kali, anua kila kinachopeperuka uwanjani. Ikitoka ya chungwa: weka viroba, pika maharage, hamisha gari lililo bondeni, peleka wazee na wagonjwa kwa ndugu walio juu. Nyekundu ikutoe bondeni wewe mwenyewe. Hamia kwa shangazi Kimara mchana, kabla Morogoro Road haijafungwa pale Jangwani. Redio ya betri iwe kwenye TBC Taifa, kwa sababu taarifa za magrupu hazina tarehe na picha ya mafuriko ya mwaka juzi huwa inazunguka kila mwaka.

## Hatua ya 10: Mvua ikiwa inapiga

Radi ikianza, chomoa televisheni, ruta na waya wa antena. Hesabu sekunde kati ya mwanga na mngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Kaa ndani mpaka zipite dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho. Chini ya mwembe au mnazi si mahali pa kujikinga.

Maji yakianza kuingia, zima meni swichi ukiwa umesimama pakavu. Kama ili uifikie lazima ukanyage maji, iache. Toka nje, piga 180.

Usivuke maji yanayokwenda. Ya kufika kifundo cha mguu, yakiwa na kasi, yanaweza kumwangusha mtu mzima, na ya sentimita 60 yanabeba gari. Usichokiona ni chemba iliyopoteza mfuniko chini yake. Waya ulioanguka uhesabu una umeme hata kama taa za mtaa mzima zimezimika, kaa mita kumi mbali na uwazuie watoto. Uokoaji na moto ni 114.

## Hatua ya 11: Umeme ukirudi, maji yakipungua

Mliokatikiwa na umeme tu: kabla haujarudi, zima kila sakiti breka isipokuwa ya taa moja. Taa hiyo ikiwaka, subiri dakika kumi. Ikiwaka kwa mwanga mkali kuliko kawaida, au ikififia na kurudi, subiri zaidi. Ikitulia, washa moja moja, friji ikiwa ya mwisho. Pasi hakikisha haikuachwa imechomekwa. Nyumba kadhaa huungua hivyo, umeme ukirudi wenyewe wakiwa kazini.

Ambao maji yaliingia ndani: usiwashe chochote mpaka fundi akague, hasa kama soketi zilifunikwa. Vaa gambuti na glavu, piga koleo kabla ya kuingiza mkono palipojificha, nyoka nao walikuwa wakitafuta pakavu. Toa tope likiwa bado bichi, maana likikauka linashika kama saruji. Osha kwa sabuni kwanza, kisha maji yenye klorini, milango yote wazi. Vyombo vya kupikia vilivyoguswa na maji hayo vichemshe. Unga na mchele uliolowa tupa, hata ule wa katikati ya gunia unaoonekana mkavu. Magodoro ya sponji yakilowa maji ya choo hayaokoki.

Viroba mwaga mchanga uwanjani mbali na mtaro, salfeti zianike. Kwenye lile daftari la Februari ongeza mlichokosa safari hii. Jioni jaza tena jaba, chaji pawabenki, agiza mtungi uliokwisha, na gandisha kikombe kipya cha maji uirudishe ile sarafu juu yake.